Majibu ya Jikoni: Fura ya uwele inameguka sufuriani

Swali: Nimejaribu fura ya Wahausa wa Afrika Magharibi (matonge ya uwele yanayochemshwa, kutwangwa, kisha kunywewa na mtindi). Matonge mengi yalimeguka yakawa uji, na yaliyopona yalikuwa mabichi katikati. Tatizo ni nini? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Anza na maji ya kukandia. Uwele hauna mnato wa ngano. Kinacholishika tonge ni wanga ulioanza kuiva kwa maji ya moto. Ukikanda kwa maji baridi, humeguka kwa urahisi.

Chunga vikombe 4 vya unga laini wa uwele uliokobolewa. Tia tangawizi kavu ya unga kijiko cha chai 1½, karafuu nusu kijiko, pilipili manga nusu kijiko, pilipili kali kidogo na chumvi. Wahausa huongeza kimba na masoro, viungo ambavyo si rahisi kuvipata kwetu. Usihangaike navyo, ila tangawizi na karafuu usiziache. Mimina maji yaliyotoka kuchemka, kikombe 1 hadi 1½, kidogo kidogo, ukikoroga kwa mwiko. Ukiminya unga ushikane bila kupasuka wala kuganda kiganjani.

Finyanga matonge yasiyozidi ukubwa wa limau, kisha yabonyeze kati kwa kidole gumba ili moto ufike ndani. Maji ya sufuria yawe yanatokota kabla hujatumbukiza tonge la kwanza. Usikoroge kwa dakika 10 za mwanzo. Yapike dakika 30 hadi 40, kisha pasua moja: ukiona kiini cheupe, kikavu, bado.

Sasa kinu. Hapa ndipo wengi huchoka mapema, wakaishia na ugali wa viungo. Twanga matonge yakiwa bado ya moto, ukinyunyizia maji yaleyale ya kupikia, hadi donge liwe laini, ling'ae na kuung'ang'ania mchi. Likipoa hukakamaa na halilainiki tena vizuri. Blenda haifai, donge ni zito mno. Kama huna kinu, songa kwa mwiko mgumu kwenye sufuria nzito, ingawa haitalainika sawasawa. Viringisha upya, upake juu unga wa uwele uliokaangwa kavu.

Swali: Nikiitia kwenye mtindi inabaki mabonge. Na mtindi upi unafaa?

Jibu: Ponda tonge kwanza kwa maji vijiko viwili vitatu, hadi liwe rojo zito, ndipo uongeze mtindi. Nono, maziwa ya Wafulani yanayonywewa na fura, yamegandishwa na kuondolewa siagi, hivyo ni mepesi na machachu. Mtindi mzito upunguze kwa maji ya baridi. Sukari ni kwa upendavyo.

Swali: Fura yangu ina uchungu. Ni karafuu?

Jibu: Karafuu zikizidi huchoma ulimi na kuutia ganzi. Uchungu unaobaki kooni mara nyingi ni wa unga wa zamani: uwele una mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, na ukishasagwa huanza kuchacha ndani ya siku chache, hasa usipokobolewa. Saga wa kutumia wiki hiyo tu, unaobaki uweke kwenye friza. Matonge yaliyokwisha kutwangwa hukaa friji siku 3. Yaliyochanganywa na mtindi yanywe siku hiyohiyo.