Namna ya Kujilinda Vizuri Katika Sataranji

Vijana ninaocheza nao sataranji karibu wote huniomba niwaonyeshe namna ya kushambulia, na ni wachache mno wanaouliza la kufanya pale mfalme wao anapozingirwa. Mimi alama zangu nyingi nimezipata katika michezo niliyokuwa nimebanwa, nikavumilia, hadi mpinzani akaishiwa mbinu.

Zoea jambo moja kabla ya mengine yote. Kila mpinzani anaposogeza kete, mimi hujiuliza: lau ningepitisha zamu yangu, angecheza nini? Akimleta farasi karibu na mfalme wangu, naikagua kila nyumba, yaani kisanduku cha ubao, anayoweza kurukia, kisha natazama ni kete gani nyingine inayoilenga nyumba hiyohiyo. Kete moja peke yake ni nadra kumfunga mfalme, kwa hiyo mara nyingi inatosha kumwondoa au kumzuia yule msaidizi. Kitisho kisichokuwa na msaidizi ninakiacha kama kilivyo, maana anayeogopa kila kitu huanza kusogeza askari waliosimama mbele ya mfalme wake, na askari akishasogea harudi nyuma; tundu analoliacha linabaki hapo mpaka mwisho wa mchezo.

Unaposhambuliwa, badilishana kete kila unapopata nafasi, hasa malkia kwa malkia, kwa sababu shambulizi linahitaji watu. Wakati mwingine hata kutoa zaidi ya unachopokea ni sahihi, na hapa hakuna mwalimu ninayemheshimu kuliko Tigran Petrosian, bingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969. Mwaka 1953 mjini Zürich, Uswisi, alicheza na Mmarekani Samuel Reshevsky, ambaye askari wake wawili wa katikati walikuwa tayari kusonga mbele na kuvunja kila kitu. Farasi wa Petrosian alihitaji kufika kwenye nyumba moja nzuri iliyo mbele ya askari hao, lakini njia yake ilizibwa na ngome yake mwenyewe, ile kete yenye umbo la mnara. Petrosian akaipeleka ngome hiyo mahali ambapo askofu wa Reshevsky angeweza kuila. Askofu alipoila, naye akaliwa. Farasi, aliyekuwa amekwisha kupita, akakaa katikati ya ubao pasipo askari yeyote wa kumfukuza, na lile wimbi likasimama. Ngome kwa kawaida huhesabiwa alama 5 na askofu 3, kwa hiyo kwa hesabu Petrosian alipata hasara, lakini mchezo uliisha kwa sare. Ninachowasihi wanaojifunza ni kwamba wasihesabu kete zilizoliwa tu, wahesabu pia zile ambazo bado zina kazi ya kufanya.

Mwisho wa mchezo nao una ulinzi wake, na huo ni wa kukariri. Mchezaji wa Kifaransa Philidor aliuonyesha katika karne ya 18: mpinzani ana ngome na askari mmoja, wewe una ngome tu, na mfalme wako amesimama mbele ya askari huyo. Iweke ngome yako kwenye mstari wa tatu kutoka upande wako ili mfalme wake asipite, uwe unaisogeza kushoto na kulia kwa utulivu. Askari wake akiingia kwenye mstari huo, ipeleke ngome mwisho kabisa wa upande wake, uanze kumpa mfalme wake shaha, yaani kumtishia moja kwa moja, kutoka nyuma. Hatakuwa na pa kujificha, kwa kuwa nyumba ambayo ingemsitiri imekaliwa na askari wake mwenyewe. Hiyo ni sare.

Kwa mazoezi, tafuta michezo ambayo upande uliozidiwa uliokoka, funika hatua za aliyejilinda kwa karatasi, na ujaribu kuzitabiri moja baada ya nyingine. Kisha mpange mchezo ule wa Zürich kwenye ubao pamoja na rafiki, wewe ukiwa Petrosian, halafu mbadilishane pande.