Umeniuliza kama ujiunge na klabu ya flai, haya kaa chini

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nakuru aliniandikia inboksi. Anasema amenunua fimbo ya flai, yaani ya kuvua samaki kwa ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, amejifunza kurusha kwa video za YouTube, sasa anauliza kama kuna haja ya kujiunga na klabu ama hiyo ni njia tu ya kulipa pesa ili unywe chai na wazee. Nilimjibu kwa kifupi, jiunge. Halafu usiku nikakosa usingizi kwa sababu jibu lenyewe si fupi hivyo, na hili jambo linaniuma kidogo mpaka leo, kwa hivyo acha nilimwage lote hapa.

Mimi ni mtu wa Nyeri. Nimekulia karibu na Gura, ule mto ambao watu wetu watakuapia ndio wenye kasi kuliko yote duniani (mimi sijapima, lakini ukiingia na maji yakapita magoti hutabishana na mtu). Trauti, hao samaki tunaowavua, waliwekwa Gura mwaka 1905, yule mlowezi Ewart Grogan ndiye aliyeleta, wale aina ya brauni wa kutoka Scotland, aina ya renbo wakaja baadaye. Yaani samaki mwenyewe ni mgeni. Guka wangu, yaani babu, alikuwa askari wa samaki, kazi yake kushika vijana wa kijiji wanaovua na minyoo, kwa sababu maji ya trauti yalikuwa ya flai pekee na leseni mkononi, na nani kijijini alikuwa na flai? Kwa hivyo tulikua tukiuona mto kama kitu cha watu wengine kinachopita shambani kwetu. Na kichekesho ni kwamba Kenya hii hii inafunga flai za kuuzwa Ulaya na Marekani, watu wamekaa mezani siku nzima wanafunga manyoya kwenye vindoano, flai inafika dukani Uingereza kabla haijafika Othaya.

Basi nilipopata kazi na pesa kidogo nikasema na mimi naingia. Klabu ya kwanza niliyoomba sitaitaja jina. Ilikuwa lazima uwe na mtu wa kukupendekeza na mwingine wa kukuunga mkono. Nikaalikwa siku moja kama mgeni, nimevaa vizuri, fimbo yangu iko kwenye begi, nimesimama pale magari yanapoegeshwa, mzee mmoja akateremka akanipa kikapu chake cha chakula na buti zake akaniambia tangulia mtoni. Alidhani mimi ndiye wa kubeba.

Nilibeba. Na unajua kwa nini? Kwa sababu alikuwa rika la baba yangu na kwetu hatukufunzwa kumwachia mzee mzigo. Tulipofika nikaweka vitu vyake chini, nikafungua begi langu, nikaunga fimbo yangu hapo pembeni yake. Akanyamaza kabisa. Hakusema pole, hakusema kitu, na mimi hiyo asubuhi nilitoa renbo mzuri sana mbele yake yeye akinasa nyasi tu, hilo nitawaambia wajukuu. Lakini fomu yangu ilikaa, ikakaa. Wa kunipendekeza alikuwepo, wa kuunga mkono hakupatikana. Hakuna aliyeniambia hapana, kila nikiuliza naambiwa kamati haijakaa.

Nikaenda kwa klabu nyingine ndogo, hii niliyomo sasa. Walimu, daktari wa mifugo, fundi wa pampu, mzee mmoja mwenye duka la vipuri. Unajua cha kwanza walichonifanyia? Walinitoa mtoni! Tulienda uwanja wa mpira wa shule, mwisho wa mshipi (ule uzi wa kuvulia) wamefunga kipande cha sufu badala ya ndoano, watoto wa shule wamejaa kando wanatucheka. Nami nilidhani najua kurusha. Kwenye flai uzito hauko kwenye ndoano, ile flai haina uzito wowote wa maana, uzito uko kwenye mshipi, kwa hivyo usipousubiri unyooke nyuma yako hakuna kitu kitaenda mbele, utajirundikia tu kichwani. Hiyo subira video haiwezi kukupa kwa sababu wewe huuoni mshipi ulio nyuma yako. Unahitaji mtu amesimama pale nyuma anasema ngoja, ngoja, sasa! Hapo ndipo nilielewa klabu ni ya nini, hata kama hawangenipa kitu kingine.

Haya, mnapenda vidokezo. Kwa mito yetu midogo usinunue fimbo ya ziwani, namba 4 ama 5 inatosha (namba ni ya uzito wa mshipi), ya futi 8 hivi. Jifunze kurusha kwa kuviringisha, bila kuutupa mshipi nyuma, kwa sababu nyuma yako ni vichaka tu. Panda na mto, usishuke nao, trauti anaangalia kule maji yanakotoka kwa hivyo mfuate kwa nyuma. Kuna watu watakuuzia boksi zima la flai za kila rangi, wewe beba Kenya Bug na Mrs Simpson chache utulie. Kile kijino cha ndoano kibane na koleo, na kama unamrudisha samaki majini lowesha mikono kwanza, ule ute wake ukiubandua na mkono mkavu umemwachia ugonjwa. Na subira nyuma. Nimesema tayari? Nasema tena.

Lakini sasa niseme kitu ambacho wengi hamtapenda. Ada si kitu. Mwanachama ni yule anayekuja siku ya kazi. Trauti anataka maji baridi, yakipita nyuzi 20 anaanza kuhangaika, na mto unapata joto kwa sababu watu wamelima mpaka ukingoni na miti imeisha, ama imepandwa mikaratusi inayokunywa kuliko ng'ombe, mvua ikinyesha udongo wote unaingia majini unafunika changarawe anapotagia. Halafu Februari pampu za kumwagilia zinawashwa huko juu, huku chini tunabaki kuangalia mawe. Sasa wewe kijana unakuja siku ya kuvua, unapiga selfi na samaki, siku ya kupanda miti simu yako imezimwa. Usiniambie unapenda mto. Unapenda picha.

Mwaka jana ile klabu ya kwanza ilituandikia kuomba watu wa kusaidia kupanda miti upande wao. Tulienda, na miche tukabeba. Sitadanganya, nilifurahi kuliko inavyofaa.

Kwa hivyo kabla hujajaza fomu ya klabu yoyote, nenda kama mgeni uangalie wale vijana wanaobeba mizigo. Wanaitwa majina yao ama wanaitwa "we kijana"? Uliza wazi kabisa, huyu naye anaweza kuwa mwanachama? Wakianza kucheka ama kuangaliana, kunywa chai yako uende. Hao wabeba mizigo ndio wanajua samaki amelala jiwe gani, wengi wamekua wakivua kwa uzi na mnyoo wakijificha wasishikwe na kina guka wangu. Kwetu waliokuwa wanabeba wameingia, wengine wanalipa kidogo kidogo, na anayefundisha wageni kurusha siku hizi ni mmoja wao, mkali kuliko mwalimu wa hesabu. Klabu isiyoweza kufanya hivyo, hata mto wake uwe mzuri namna gani, mimi sikushauri, na simwogopi mtu kusema.

Dada wa Nakuru, uliuliza pia kama utakuwa mwanamke peke yako. Hapana, wapo, wachache, na mwekahazina ni mmoja wao, usimcheleweshee ada utajuta. Njoo kabla mvua ya Aprili haijaanza, ikianza Gura inakuwa matope na tutakuwa tunarusha sufu uwanjani tu. Leseni ya uvuvi shughulikia mapema, na siku tukipanda ndani ya hifadhi ya Aberdare kuna kiingilio cha KWS, lile shirika la wanyamapori, juu yake, na hatuendi bila askari kwa sababu nyati wa kule hawajali wewe ni mwanachama wa nini. Fimbo hata kama yako si nzuri njoo nayo tuione. Buti uje na zako, zangu siazimi mtu.