Maswali Yenu Kuhusu Barnaba

Tangu niandike habari za mtume Barnaba mwezi uliopita, simu yangu haijapumzika. Huku kwetu Kisumu nilizoea kuulizwa juu ya Petro. Mvuvi hakosi wa kumtetea mjini kwetu, hata akimkana Bwana mara tatu. Kumbe Barnaba naye ana watu wake. Haya hapa maswali matano.

*Bwana asifiwe, mwalimu. Mchungaji wetu alisema Barnaba aliuza shamba akaleta pesa zote, na sisi tufanye vivyo hivyo ili kanisa la mabati liwe la mawe. Nina robo ekari Vihiga, nilirithi kwa baba. Mke wangu amekataa kabisa. Je, namnyima Mungu?* (Mwendesha boda, Kondele)

Hapana, ndugu yangu. Habari ya shamba la Barnaba imo mwishoni mwa Matendo ya Mitume sura ya 4, lakini usiifunge Biblia hapo. Geuza ukurasa ukutane na Anania na Safira, ambao nao waliuza mali. Watu hukumbuka walivyoanguka wakafa, wakasahau Petro alichomwambia Anania: kabla ya kuuza mali ilikuwa yako, na baada ya kuuza fedha ilikuwa bado mikononi mwako. Kosa lao lilikuwa uongo. Hakuna aliyewadai shamba, na hakuna aliyemdai Barnaba.

Tena uliza fedha ile ilikwenda wapi. Mstari wa 35 wa ile sura ya 4 unasema iligawiwa watu kwa kadiri ya mahitaji yao. Haikununua hata jiwe moja. Waumini wa Yerusalemu walikusanyika hekaluni na majumbani mwao.

Halafu kuna sheria ya nchi. Ikiwa ndipo mlipojenga nyumba yenu, huwezi kuuza bila idhini ya mkeo. Shamba la kilimo lazima lipite bodi ya ardhi. Na kama hati ingali na jina la marehemu baba, hujafika hata kwenye bodi, maana kwanza ni mirathi. Mkeo hampingi Mungu, anakulinda. Ukiwa na moyo wa kutoa, toa mapato ya siku moja kwa wiki, au wabebe bure kina mama wa kliniki kila Jumanne. Shamba liache.

*Barnaba hakuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Mbona unamwita mtume?* (Mwanafunzi, Kakamega)

Mwulize Luka, si mimi: Matendo 14:14. Mtume ni aliyetumwa, naye alitumwa kutoka Antiokia pamoja na Sauli, ndiye Paulo. Jina lake la kuzaliwa ni Yusufu, Mlawi wa Kipro. Barnaba, yaani Mwana wa faraja, ni jina alilopachikwa na mitume. Mtaani kwetu majina ya kupachikwa hutokana na kasoro ya mtu, kwa hiyo Yusufu huyu alibahatika.

*Mimi ni kiongozi wa kwaya hapa Nakuru. Kijana aliyetoka jela mwaka jana anataka kuimba nasi. Alifungwa kwa wizi wa kuvunja maduka, na mmoja wa wanakwaya ni mwenye duka. Wamesema akiingia, wao wanatoka. Nifanyeje?* (Dada wa sauti ya pili)

Dada, swali lako ndilo lililonikosesha usingizi.

Sauli alipofika Yerusalemu alijaribu kujiunga na wanafunzi, nao wakamwogopa. Tusiwalaumu. Huyu ndiye aliyeingia nyumba kwa nyumba akiwaburuta wanaume na wanawake kwenda gerezani, na Stefano alipopigwa mawe, nguo za mashahidi ziliwekwa miguuni pake. Pengine waliokuwa mle chumbani walikuwa na ndugu waliofungwa kwa sababu yake. Woga wao haukuwa wa kuambiwa.

Ndipo Matendo 9:27 inasema Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume. Tazama alichofanya huko. Hakuwahubiria kwamba kusamehe ni lazima, wala hakuwaambia wanamwonea mtu. Aliwapa habari: Sauli alimwona Bwana njiani, Bwana alisema naye, na kule Dameski alihubiri waziwazi kwa jina la Yesu. Mambo matatu, yenye mahali na mashahidi. Kwa lugha ya sacco zetu, alisimama kama mdhamini, na mdhamini hukatwa akiba yake mkopaji akitoroka. Barnaba alikuwa na jina zuri kwa sababu ya lile shamba. Siku ile aliliweka jina hilo rehani.

Kwa hiyo swali la kwanza linakuhusu wewe. Unamjua kijana huyu kiasi gani? Kama humjui, usimlete bado mbele ya kwaya. Nenda kwao. Ujue anakula nini, analala wapi, nani amempa kibarua, na huyo aliyempa anasemaje. Kunywa naye chai mahali ambapo watu watakuona. Ukishakuwa na mambo matatu yako ya kusema, nenda nyumbani kwa yule mwenye duka, peke yako, usimwitie kikao. Msikilize mpaka mwisho. Inawezekana ni duka lake lililovunjwa, na kama ndivyo, kijana ana deni la kukiri kabla ya kuvaa joho.

Akikubaliwa, aimbe. Asipewe ufunguo wa stoo ya vyombo mwezi wa kwanza, na hilo umwambie yeye mwenyewe, usoni. Kumlinda mtu na majaribu si kumtukana. Na wakitoka wawili watatu, waache watoke, lakini uendelee kuwasalimia.

*Nilimleta kijana kwenye kamati ya kanisa. Sasa yeye ni mwenyekiti, mimi ndiye napanga viti. Inaniuma.* (Mzee, Bungoma)

Pole, mzee wangu. Fuata mpangilio wa majina katika Matendo. Barnaba ndiye aliyesafiri mpaka Tarso kumtafuta Sauli na kumleta Antiokia, na sura ya 13 inaanza na Barnaba wa kwanza, Sauli wa mwisho. Kufika mstari wa 13 ni "Paulo na wenzake". Hata jina hakutajwa! Hatusikii akilalamika.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa ndiyo kwa kila jambo. Paulo alipokataa kusafiri tena na Yohana Marko, aliyewaacha njiani kule Pamfilia, Barnaba hakurudi nyuma. Walitofautiana vikali wakatengana, naye akamchukua Marko wakapanda merikebu kwenda Kipro. Baada ya hapo Matendo hayamtaji tena Barnaba. Marko ndiye anayerudi: katika 2 Timotheo 4:11 Paulo mwenyewe anaagiza aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Basi viti pangeni, mzee, ila siku mwenyekiti akimfukuza kijana mwingine kwa kosa moja, viti vingoje kwanza, useme.

*Kwenye ploti yetu hapa Nakuru tuko makabila manne. Jirani yangu tunakula pamoja, watoto wetu ni wamoja. Ndugu zangu walipokuja kutoka nyumbani, alileta bakuli la githeri kama kawaida. Nililipokea mlangoni, sikumkaribisha ndani. Naona haya hata kupita kwake.* (Mama wa watoto watatu)

Mama, alichofanya Barnaba hakina tofauti. Ni huko huko Antiokia, ambako Wayahudi na watu wa mataifa walikula meza moja. Walipokuja wageni Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, Petro alijitenga, wengine wakamfuata, na Galatia 2:13 inasema hata Barnaba alichukuliwa na unafiki wao. Katika lile neno "hata" nasikia uchungu wa Paulo. Mtu aliyemshika yeye mkono wakati wote walipomwogopa, leo ameogopa macho ya wageni.

Nami nilikuwa Nakuru mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na kuna mlango mmoja ambao sikuubisha nilipopaswa kuubisha. Sitasema zaidi.

Usimtumie ujumbe wa simu. Bakuli lake bila shaka lingali kwako, na kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Pika, ulijaze, ulipeleke mwenyewe, na akikuambia uingie, ingia ukae. Mwambie ulichofanya, kwa maneno machache. Ndugu zako wakija tena, yeye ndiye awamiminie chai.