Huyo Mweusi Si Bata: Mwalimu Ajibu Maswali ya Ziwani

Mwalimu, habari za siku? Nafanya kazi shamba la maua na Jumapili hutembea kando ya Ziwa Naivasha. Kuna bata weusi wenye baka jeupe kwenye paji la uso, wakorofi ajabu, kutwa wanafukuzana. Ni bata gani hao?
*Msomaji, Karagita*

Salama, kijana wangu. Hao si bata hata kidogo. Ni kukuziwa, na kwa ukoo wako karibu zaidi na korongo taji kuliko bata. Usibishane nami, subiri mmoja apande nchi kavu umtazame miguu. Bata ana ngozi inayounganisha vidole. Kukuziwa vidole vyake vimeachana, ila kila kimoja kina vipande vya ngozi pembeni: akisukuma maji nyuma vinakunjuka, akirudisha mguu mbele vinajikunja.

Kisha tazama juu ya lile baka. Kuna vinundu viwili vyekundu ambavyo huvimba wakati wa kuzaliana, na hapo ndipo ukorofi unapozidi. Kila jozi ina sehemu yake ya maji. Jirani akivuka mpaka anatimuliwa mbio juu ya maji, mabawa yakipiga na miguu ikichapa. Mimi huacha mpira kwenye televisheni nikaenda kutazama ugomvi huo, na mke wangu ameshazoea.

Chakula chao kikubwa ni mimea inayoota chini ya maji. Kamba wa Louisiana, walioletwa Naivasha mwaka 1970, walichangia sana kuifyeka mimea hiyo, na kukuziwa wakaadimika. Mimea ikirudi, nao hurudi. Kwa hiyo ukiwaona wamejaa, jua kwamba kule chini kuna majani.

Bata halisi ukimtaka, tafuta yule mwenye mdomo wa manjano uliopakwa weusi juu. Usihangaike kutenganisha dume na jike, rangi yao ni moja. Na kuanzia Oktoba hivi hadi Machi, tazama bata mwenye mdomo mpana kama koleo: huyo ni mgeni, kazaliwa Ulaya au Asia, kaja kukimbia baridi.

Mwalimu, mbona mnandi hukaa juu ya kisiki ametandaza mabawa, na bata hafanyi hivyo?
*Mama Wawili, Nakuru*

Anajianika, mama. Manyoya yake ya nje hulowa, hewa ikatoka, na mwili usiobeba hewa nyingi huzama kwa urahisi. Hiyo ni faida kwa ndege anayemfukuza samaki chini ya maji. Tabu ni kwamba akitoka ameloa chepechepe, kwa hiyo lazima akauke.

Bata wa Naivasha wengi hula juu juu, matako hewani na kichwa majini, kwa hiyo haja yake ni kuelea. Mtazame anapojisafisha: anarudisha kichwa hadi juu ya mkia, anasugua mdomo penye tezi ya mafuta, kisha anapitisha mafuta hayo unyoya kwa unyoya. Ataifanya kazi hiyo muda mrefu kuliko unavyodhani, nawe ukiharakisha hutaona kitu.

Tukija na watoto, twaweza kuwatupia mkate?
*Baba Kiherehere, Gilgil*

La. Mkate unawashibisha bila kuwalisha, na unaobaki unaoza majini. Lakini hofu yangu kubwa ni kiboko. Jioni hutoka kula nyasi, na mtoto anayekimbia huku na huku anaweza kujikuta kati ya kiboko na maji. Watu wamekufa hapa Naivasha kwa namna hiyo. Njooni asubuhi jua likishapanda, mkae mbali na mafunjo, na mwulizeni mwenyeji kabla ya kusogea ukingoni.

Ninunue darubini gani?
*Mstaafu Mpya, Nairobi*

Karibu kwenye chama, mwenzangu. Tafuta iliyoandikwa 8x42: 8 ni mara inavyokuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Muuzaji atakusukumia ya 20 akisema ndiyo kali. Mkononi itatetemeka hadi umwone bata mmoja kama watatu. Ya mtumba haina neno, bora uitazamie nje ya duka kwanza, na ukiona picha mbili badala ya moja, irudishe papo hapo.