Anti, mwanangu kalewa tenisi, tufanyeje?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tuko Njiro, Arusha. Wa kwanza ana miaka 13, yuko form wani. Alianza kuokota mipira klabuni jumamosi apate hela ya chipsi, kocha mmoja akampa raketi kuukuu, basi ndo balaa, kutwa pu pu pu kwenye ukuta wa jirani. Mwezi uliopita kacheza mashindano yake ya kwanza, mechi ya kwanza tu katolewa, karudi analia eti mwenzie anaita auti mipira iliyoingia. Nikajua yameisha. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi yuko ukutani! Baba yake anasema huo mchezo wa matajiri, asome. Nimwachie au?

- Mama K, Njiro

JIBU: Marahaba mama K. Mtoto katolewa jana, leo kaamka na baridi letu hili la mwezi wa saba anapiga ukuta, huyo wala usimkataze, utamfanya acheze kwa kujificha.

Hilo la auti, mechi za watoto mara nyingi hazina refa wa kwenye kiti, kila mtu anaita mistari ya upande wake, na ukiwa na wasiwasi mpira unahesabika umeingia. Sasa mwenzie akizidisha, mwanao asimame, asisevu (asianzishe mpira), amwite refa wa mashindano aje asimame pale. Na akisevu yeye ataje pointi kwa sauti kila mara, hawa wapole wanaohesabu kimoyomoyo ndo wanaibiwa.

Halafu mipira yake ikipitiliza usimwambie hana mkono. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unakimbia kuliko ukipigwa Dar, mpaka sheria za tenisi zina mpira wake kwa viwanja vilivyozidi mita 1,219. Kocha amkazie nyuzi za raketi kidogo. Mipira ya ukutani mtafutie ile isiyojazwa upepo, maana ile ya kopo ukishafungua kopo inalegea haraka, hela imeenda.

Baba K naye ana hoja yake, raketi sio ghali kama nauli za kwenda mashindano. Mashindano ya kimataifa ya vijana yanaruhusu kuanzia miaka 13, ila mbona haraka? Awamalize kwanza wa hapa na wa Moshi, daladala tu. Ila la matajiri amsikie Angella Okutoyi, Mkenya, ng'ambo tu ya Namanga hapo, kalelewa na bibi yake, 2022 akabeba Wimbledon, yale mashindano makubwa ya Uingereza, upande wa wasichana wawili wawili. Sisemi wako atafika huko, wachache mno wanafika. Nasema mpeleke baba jumamosi moja akae pembeni ya uwanja aangalie, asiongee.

Homwaki kwanza, ukuta baadae, hilo msimbembeleze.

Na jirani jamani! Saa kumi na mbili mimi ningeshatoka na fagio, aanze saa moja.