Walifuta maneno ya babu yangu, sasa niyaweke wapi?

SWALI: Habari zenu. Mimi nimezaliwa Kariokor, Nairobi, na babu yangu alikuwa fundi viatu pale sokoni. Juzi nikaingia kwa tovuti moja ya wiki, zile mtu yeyote anaweza kuandika na kubadilisha, nikakuta ukurasa wa mtaa wetu una mistari minne tu, nikaongeza vile babu hutuambia, vile harufu ya ngozi ilikuwa inakupata hata kabla hujashuka matatu. Kesho yake yote imefutwa, ati ni "maoni binafsi". Nimeskia uchungu sana. Kwani sisi wenye mtaa haturuhusiwi kusema? – Msomaji, Kariokor

JIBU: Pole sana. Kwanza maneno yako hayajapotea, bonyeza pale juu pameandikwa historia, utaona kila toleo na tarehe yake, nakili lako uliweke vizuri.

Aliyefuta alifuata kanuni. Wikipedia kwa mfano inataka kitu kiwe kimeshachapishwa mahali, "nakumbuka" haihesabiki, na hiyo inasaidia juu bila hiyo kila mwanasiasa angejiandikia sifa. Lakini inatuumiza sisi ambao mambo yetu mengi yako kwa vichwa vya wazee. Hebu angalia jina Kariokor lenyewe, limetoka kwa Carrier Corps, wale Waafrika walibebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza Vita vya Kwanza vya Dunia, watu wakalitamka vile ulimi wao unaweza na leo ndio liko kwa ramani. Midomo ya watu ndio iliandika hilo!

Halafu hizi sauti mbili, ile ya mtu anayesema "mimi" na ile ya makala isiyo na mwenyewe, hazikuwa maadui zamani. Kwa tovuti ya wiki ya kwanza kabisa, ile ya mtengenezaji programu Ward Cunningham, Marekani, 1995, watu walikuwa wanabishana ndani ya ukurasa wenyewe, kila mtu anatia jina chini ya maneno yake, baadaye mwingine anakuja anakusanya ya wote. Siku hizi ubishi umehamishiwa ukurasa wa majadiliano, ule ulio kando ya kila makala. Basi andika huko, sema "mimi" bila kuogopa, na mwisho weka ~~~~, yaani hiyo alama mara nne, jina lako na saa vitajiweka. Shida ni wasomaji wengi hawafungui huko, na kwa maoni yangu kila makala ingefaa iwe na mlango unaoonekana wazi, wa kumbukumbu za wenyeji, zenye majina yao.

Na kuna njia nyingine. 2011 kuna wanawikipedia walirekodi wazee huko India na Afrika Kusini wakieleza vitu havijawahi kuandikwa, wakatumia hizo sauti kama chanzo. Ubishi ulikuwa mwingi, lakini njia ilionekana.

Kama mzee bado yuko, kaa naye Jumapili na simu ikirekodi. Muulize ngozi alikuwa anatoa wapi, gundi alichemshia wapi, kiatu kilikuwa shilingi ngapi, jirani yake wa kibanda alikuwa nani. Piga picha ya patasi yake pia kama bado anayo, uipakie Wikimedia Commons, ile ghala ya picha na sauti ambayo Wikipedia hutumia, na yale maelezo ya chini uyaandike wewe mwenyewe.