Kigoda cha mzee na kigango cha Kilifi

SWALI: Shikamoo Mama. Mwaka jana nilianza kukusanya sanaa za jadi, na tayari nina picha moja ya kuchorwa ya mtindo wa Tingatinga. Juzi nimenunua kigoda cha Wakamba cha miguu mitatu, chenye nyuzi za shaba, kwa shilingi 4,500. Muuzaji aliapa kina zaidi ya miaka 60. Nitajuaje? Mbona kinadondosha unga mweupe? Halafu kuna jamaa anataka kuniletea kigango, ile nguzo ya mbao ya kuchongwa, kutoka Kilifi. Nichukue? – Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na la mwisho kwa sababu haliwezi kungoja: usikichukue. Usikiguse hata kama atakupunguzia bei.

Kigango si pambo. Wagiriama humchongea marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wa heshima, kikasimikwa kwa heshima yake, na kung'olewa kwake ni msiba kwa ukoo. Tangu miaka ya 1970 vimeibwa vingi na kuuzwa ng'ambo, vingine vikaishia kwenye makumbusho za Marekani. Mwaka 2019, Denver Museum of Nature & Science ilirudisha 30 hapa Kenya. Watu wamehangaika miaka mingi kuvirejesha, nawe uweke kimoja sebuleni Umoja? Isitoshe, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inalinda vitu vya aina hii. Mwambie jamaa yako akirudishe alikokitoa.

Sasa kigoda, ambacho kinanifurahisha sana. Kipindue. Kigoda cha kweli huchongwa kwa gogo moja, kiti na miguu pamoja, kwa hiyo usione gundi wala msumari. Tazama chini ya kikalio: pale hapaguswi na mtu, kwa hiyo mbao huwa kavu, imepauka, na alama za tezo bado zinaonekana. Juu ni kinyume chake. Mzee akikalia kigoda miaka na miaka, shaba na mbao hulainika pamoja. Pitisha kidole polepole juu ya zile duara za nyuzi. Kikikwama kwenye kila uzi, kazi hiyo ni ya juzi. Nyayo za miguu nazo huliwa bila kulingana, maana sakafu ya udongo haiko sawa.

Ukiona weusi umeenea sawasawa juu, chini na kwenye pembe, shuku. Niliwahi kuuziwa kigogo cha Kipokot, kile wachungaji hulazia kichwa, nikakipangusa kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, kitambaa kikatoka na rangi ya viatu. Niliumia, si kwa pesa tu; nilikuwa nimeshawaonyesha wanangu na kuwasimulia habari za wachungaji. Jaribu kitambaa chako mahali pasipoonekana.

Unga ule ni wa vidudu vya mbao, na huenda vingali hai. Funga kigoda kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, kiache kwenye mfuko siku nzima kwanza, kisilowe. Usipake vanishi wala mafuta ya kupikia.

Kuhusu picha yako, hukuuliza, lakini nitasema: Edward Said Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo huo, alifariki Dar es Salaam mwaka 1972. Waliomfuata walifuata mtindo wake na wengi wao ni wachoraji wazuri, ila mtu akikuuzia "ya mkono wake mwenyewe" yenye tarehe ya baadaye, mwache aende zake.

Ukipata Jumamosi, ingia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, jengo lililowahi kuwa benki. Mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa mwaka 1966, uko humo. Simama mbele ya vitu vyake hadi jicho lako lizoee ukongwe wa kweli.

Kisha rudi kwa yule aliyekuuzia kigoda, umuulize alikinunua kwa nani, kijiji gani, na mwenyewe alikuwa nani. Andika majibu yake kwa penseli kwenye kadi, tia na tarehe, uifunge kwa uzi kwenye mguu mmoja. Akikuambia jina la mzee, niandikie. Nataka kulijua.